Mshipi wa Wilhelmina

Wilhelmina alikuwa ameshika sangara wengi kuliko mvuvi yeyote wa Igogo, Mwanza, lakini hakuwa amewahi kumwona hata mmoja akiwa hai. Walimfikia wamekufa, wamelala juu ya barafu, macho yamefifia kama kioo kilichopigwa ukungu. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha minofu, buti nyeupe miguuni, kofia ya wavu kichwani, kisu chembamba mkononi. Anakata nyuma ya kichwa, anateremka na mfupa mpaka mkiani, anageuza, anakata tena. Mnofu unakwenda upande huu kupakiwa kwa safari ya Ulaya, panki lililobaki, kichwa na mfupa, linakwenda upande ule kwa akina mama wanaokaanga. Alianza kazi hiyo akiwa binti aliyetoka Ukerewe na mfuko mmoja wa nguo. Akaolewa akiwa humo, akazaa akiwa humo, akafiwa na mume akiwa humo, na siku anastaafu vidole vyake vilikuwa vimezoea baridi kiasi kwamba maji ya bombani aliyaona ya uvuguvugu.

Siku ya kumuaga, wenzake walimfunga khanga mpya, wakamwimbia, wakamlisha keki. Msimamizi akamuuliza mbele ya watu wote, "Sasa, Mama Rebeka, unakwenda kufanya nini huko nyumbani?"

"Nakwenda kuvua," alisema.

Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Walidhani ni utani, na hata yeye mwenyewe alidhani ni utani, maana neno lilimtoka tu bila kulifikiria. Lakini wiki nzima baada ya hapo neno lile lilimganda. Akiosha vyombo analikuta, akienda sokoni analikuta. Baba yake alikuwa mvuvi. Alimfundisha kushona nyavu na kufunga mafundo ya kila namna, ila kupanda mtumbwi, hapana. Mtumbwi ulikuwa wa kaka zake. Wilhelmina alibaki ufukweni na sindano ya kushonea wavu, akiwatazama wakiondoka.

Siku moja, akipita kwenye soko la mitumba la Mlango Mmoja kutafuta shuka, akaona kitu kimechomoza katikati ya mikoba na viatu vya mvua. Ilikuwa fimbo ya kuvulia, zile wanazotumia watalii, na chini yake imefungwa rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi chenye mkono wa kuzungusha. Rili yenyewe ilikuwa tupu.

"Hiyo ni ya nini?" alimuuliza muuzaji, ingawa alijua.

"Hiyo antena, mama. Antena ya redio. Inashika mpaka Kampala."

Wilhelmina aliinunua antena yake bila kubisha, akapanda nayo bodaboda, ikipepea nyuma kama bendera. Kesho yake akaenda Kirumba, kwenye duka la zana za uvuvi, kutafuta mshipi. Kijana wa dukani alimpa kikopo chenye tundu katikati, kimezungushiwa mshipi wa kijani, mwembamba kama uzi wa kushonea, laini kama hariri.

"Huu si nailoni ya kawaida," alisema kijana. "Huu ni wa kusukwa. Nyuzi nane zimesukwa pamoja kama nywele. Hauvutiki, hauozi. Ukiung'ang'ania kwa mkono mtupu, utakatika wewe kwanza."

Alisema mengi kuhusu sifa za mshipi, lakini jinsi ya kuuweka kwenye rili hakusema, na Wilhelmina hakuuliza. Kitu cha kuzungusha si kinazungushwa tu? Alifika nyumbani, akakifunga kichwa cha mshipi kwenye rili, akakiweka kile kikopo ndani ya bakuli kiwe kinarukaruka humo, akawasha televisheni na kuanza kuzungusha. Mkono ulikwenda wenyewe. Alizungusha taarifa ya habari nzima na nusu ya tamthilia, mpaka mshipi ukajaa na kufurika kingoni, umevimba kama andazi. Alipoutazama aliuona umependeza.

Chini ya Igogo kuna majabali yanayoingia ziwani, na asubuhi akina mama hufulia hapo. Wilhelmina alifika na fimbo yake, amevaa kofia ya majani na buti zilezile za kiwandani. Akawasalimia, wakamwitikia, wakaacha kufua. Hakuna aliyetaka kukosa jambo hili.

Alitupa mara ya kwanza. Ndoano ilikwenda hatua chache tu ikaanguka karibu na beseni la mtu, kwa sababu mshipi uliruka kutoka kwenye rili wote kwa pamoja, mizunguko juu ya mizunguko, ukajifunga kama kiota cha mnana. Alikaa juu ya jiwe akiufumua mpaka jua likapanda. Alikuwa na subira ya mtu aliyeshona nyavu, kwa hiyo aliumaliza. Akatia furu, kisamaki kidogo cha chambo, kwenye ndoano, akatupa tena, taratibu safari hii, na furu akazama mahali penye kina.

Ndipo kitu kikavuta.

Hakikuvuta kama kitu kilichonasa kwenye jiwe. Kilivuta kama mtu aliyekushika mkono na kukuambia twende. Fimbo ilipinda, Wilhelmina akapiga ukelele, akashika mkono wa rili na kuzungusha. Mkono ulizunguka vizuri kabisa. Akazungusha tena, akazungusha kwa nguvu zake zote, lakini mshipi haukurudi hata shibiri moja. Ulizidi kwenda, na yeye akizidi kuzungusha.

"Mama Rebeka!" aliita mmoja wa wafuaji, mwanamke mnene aitwaye Teodora, jirani yake wa mtaa wa pili. "Mbona unasaga nyama?"

Jabali zima lilicheka. Na kweli, alionekana kama mtu anayesaga nyama ya kuku kwa mashine, kwa bidii, bila kuona kinachotoka. Kisha ndoano ikachomoka, fimbo ikanyooka, na ziwa likatulia kana kwamba hapajatokea kitu. Wilhelmina alisimama akihema. Akatazama maji, akatazama rili, halafu akacheka na yeye, mpaka kofia ikamdondoka. Lakini moyoni hakuwa anacheka. Yule samaki alikuwa ameshika mkono wake. Alitaka amshike tena.

Aliamini rili imekufa, kwa hiyo akaipeleka kwa fundi.

Fundi alikuwa Revocatus, Mhaya mmoja mrefu, mkimya, mwenye kibanda karibu na reli. Alikuwa anasuka mota. Watu walimletea mota za pampu na za mashine za kusaga zilizoungua, yeye akatoa waya wa zamani na kuzungusha waya mpya wa shaba, mzunguko kwa mzunguko. Walikuwa wanafahamiana kwa salamu tu. Wilhelmina alijua kwamba mkewe alifariki miaka ya nyuma, na kwamba kanisani hukaa benchi la mwisho karibu na mlango.

Revocatus aliifungua rili, akaipuliza, akaizungusha karibu na sikio, akaifunga.

"Chombo chako ni kizima, Mama Rebeka."

"Kizima wapi, Fundi? Nilikuwa navuta hakivuti."

Revocatus aliushika ule mzigo wa mshipi kwa kidole gumba na kidole cha shahada, akausukuma kidogo. Mshipi wote, kuanzia juu mpaka chini, ukazunguka kwa pamoja kama pete iliyolegea kidoleni.

"Unaona? Chuma kinazunguka, mshipi umekaa palepale. Huu uzi ni laini mno, hauna pa kushika. Unateleza wote."

"Lakini nilifunga fundo!"

"Fundo nalo linateleza na wenzake." Akabonyeza juu ya mshipi, kidole kikazama. "Na humu ndani ni godoro. Ulikuwa unazungusha huku unafanya nini?"

Wilhelmina akasita. "Natazama tamthilia."

Revocatus aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta bisibisi chini ya meza. Alikuwa anacheka. Wilhelmina hakuwahi kumwona akicheka, na alishangaa kuona kwamba meno yake yote yalikuwapo.

"Hata waya ni hivyohivyo," alisema alipomaliza. "Ukiulegeza chini, wa juu unajichimbia katikati ya wa chini, mota inaungua. Tuutoe wote, tuanze upya. Una haraka?"

"Mimi mstaafu. Haraka niitoe wapi?"

Waliutoa mshipi wote kwa mashine yake ndogo ya kuzungushia waya na kuurudisha kwenye kikopo cha dukani. Kisha Revocatus akachukua utepe mweusi wa umeme, akazungushia kipande kwenye chuma kitupu ili mshipi upate pa kung'ang'ania. Akakipitisha kile kikopo kwenye bisibisi ndefu, akampa Wilhelmina aishike kwa miguu na mikono kadiri atakavyoweza, yeye akaanza kuzungusha. Haikuchukua muda, Wilhelmina akaruka.

"Yesu wangu!" Mshipi ulikuwa umemkata kidole, mstari mwembamba kama wa wembe.

Revocatus aliacha kila kitu. Akamwoshea kidole kwa maji ya chupa, akakifunga kwa kitambaa, na wakati anafunga masikio yake yalikuwa yamewaka. Wilhelmina, aliyejikata kwa visu vya kiwandani mara zisizohesabika na kujifunga mwenyewe kwa meno, alitulia akafungwa.

"Tuache?" aliuliza fundi.

"Tuache vipi na ndiyo kwanza tunaanza? Na huo utepe wako siuamini. Ukilowa utabanduka." Alifikiri kidogo. "Tuanze na nailoni. Nailoni ya kawaida inashika chuma, haitelezi. Tunazungusha kidogo tu chini, halafu tunaiunga na huu wa kusukwa. Kuunga niachie mimi."

Alikuwa na nailoni nyumbani, akaenda kuileta. Wakabandua utepe, wakaifunga nailoni kwenye chuma na kuizungusha mpaka ikafunika kitako cha rili. Halafu Wilhelmina akaziweka zile ncha mbili sambamba, ya nailoni na ya mshipi, akaipitisha hii ikaizunguka ile, na ile ikaizunguka hii, akazilowesha kwa mate na kuvuta. Mafundo mawili yakateleza, yakakutana, yakabanana yakawa kitu kimoja kidogo kama punje ya mtama. Revocatus alilipapasa fundo hilo, akalivuta, akalivuta tena.

"Nani kakufundisha?"

"Baba. Alinipa mafundo yote, akaninyima mtumbwi."

Sasa wakakaa wametazamana, kila mtu kwenye kigoda chake, mshipi katikati yao. Wilhelmina alikuwa na kikopo kwenye bisibisi iliyobanwa kati ya magoti, na mkononi kitambaa kilicholoweshwa maji, ameukumbatia nacho mshipi unapopita ili ukaze, usikate. Revocatus alikuwa na rili. Alizungusha polepole, mshipi ukajipanga, mzunguko ubavuni mwa mzunguko, umebana mpaka unatoa mlio mdogo.

Kazi hiyo haitaki haraka na haimruhusu mtu kuondoka. Mmoja akisimama, mshipi unalegea. Basi walikaa, na kwa kuwa walikuwa wamekaa, walizungumza. Revocatus alimweleza habari za Bukoba na migomba ya mama yake. Akamwambia kwamba tangu mkewe afariki anapika wali tu, maana ndizi hazinogi kupikia mtu mmoja. Wilhelmina alimweleza habari za marehemu Alexander, mumewe, aliyekuwa dereva wa lori na aliyekuwa akiimba vibaya kuliko mtu yeyote wa Mwanza, na bado kila Jumapili kwaya ilimvumilia. Akamsimulia na jinsi wafuaji walivyomwambia anasaga nyama. Fundi akaanza kucheka, mkono ukapunguza kasi, mshipi ukaning'inia.

"Cheka, lakini usilegeze!" alimfokea.

"Silegezi."

"Unalegeza. Ninauona."

Wateja walikuja, wakakuta fundi hana mkono wa kuwahudumia, wakaambiwa warudi jioni. Mmoja alisimama akatazama, akauliza hiyo ni mota ya nini.

Ilipokaribia kujaa, Revocatus alitaka kuendelea mpaka kingoni, maana yeye hakupenda kuacha nafasi kwenye kitu chochote. Wilhelmina akamzuia.

"Hapo hapo. Niliujaza ukaruka wote kwa pamoja. Uache ukingo, unene wa njiti ya kiberiti."

Akatoa njiti, akaipima, akazungusha mara chache nyingine, akapima tena. Wakakata. Revocatus aliubonyeza mshipi kwa kidole. Ulikuwa mgumu kama mpini wa jembe. Akausukuma kwa nguvu zote pembeni, haukusogea. Walitazamana wakatabasamu kama watu waliomaliza kujenga nyumba.

"Jumamosi naenda kuujaribu," alisema Wilhelmina akisimama. Kisha, kwa kuwa fundi alikataa malipo na yeye hakujua aseme nini kingine, akaongeza, "Unaweza kuja kuona kazi yako."

Alikuja. Alivaa shati la kanisani na viatu vilivyopigwa rangi, akakaa mbali na maji kabisa, kwa sababu, alisema, yeye ni mtu wa migomba. Wilhelmina alitupa. Mshipi ulitoka kwenye rili kwa mlio wa hewa tu, mwepesi, ukaenda mbali kuliko alivyowahi kuota, na akina mama wa kufua wakasema "Ee!" kwa pamoja. Akatupa tena na tena. Hakuna kitu. Jua likapanda. Revocatus akasinzia na kofia usoni.

Kitu kikavuta.

Safari hii alipozungusha, mshipi ulirudi. Aliuhisi wote, kuanzia kwenye kidole chenye kovu jipya mpaka kule chini kwenye giza la maji, kana kwamba hapakuwa na kitu katikati yake na yule samaki. Samaki akakimbia, breki ya rili ikalia, mshipi ukatoka. Akatulia, Wilhelmina akazungusha, mshipi ukarudi. Buti zilianza kuteleza juu ya jabali lenye ukoko wa kijani. Revocatus aliamka, akaona mwanamke anaelekea ziwani, akasahau habari za migomba, akaruka na kumshika kiunoni kwa mikono miwili.

"Zima!" alipiga kelele. "Zima! Zima!"

"Nizime nini, baba wewe? Si mota! Shikilia tu!"

"Nimeshika!"

"Usilegeze!"

"Silegezi!"

Teodora alikuwa ameshatoa simu. Sauti yake inasikika kwenye ile video kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akishangilia kama yuko uwanjani.

Sangara alipanda juu ya maji, akatikisa kichwa, akazama, akapanda tena. Mwishowe akachoka, na Wilhelmina akamburuta mpaka kwenye kijibwawa katikati ya mawe. Alikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, amevuka kipimo cha halali, jicho la Wilhelmina halikuhitaji rula kwa jambo hilo. Akapiga magoti kumtoa ndoano. Hapo ndipo alipomwona.

Macho yalikuwa ya dhahabu. Yaliwaka kwa ndani, kama taa ya chemli, na ubavu wake ulikuwa na rangi ya fedha iliyobadilika kuwa zambarau kila anapopumua. Wilhelmina aliyajua maungo ya samaki huyu kuliko alivyoujua mkono wake mwenyewe, lakini rangi ile haikuwahi kufika kiwandani. Ilikuwa inaishia njiani, kwenye barafu. Alikaa chini palepale, maji yakaingia kwenye buti, machozi yakamtoka huku anacheka. Revocatus alisimama pembeni na viatu vyake vilivyoharibika, hajui ashike wapi. Mwishowe akamshika bega.

Siku hiyo hakuchonga mnofu. Alimpika sangara mzima, kichwa na mkia, kwa nyanya na ndimu, kwenye sufuria la kuazima kwa Teodora. Mtaa ukala.

Video nayo ikala kilomita. Kabla ya jioni ilikuwa imefika Misungwi, kwenye simu ya Rebeka, binti yake, mwalimu wa shule ya msingi. Rebeka hakumwona samaki. Aliona mikono miwili ya mwanamume kiunoni mwa mama yake. Alipiga simu palepale.

"Mama, huyo baba ni nani?"

"Ni fundi."

"Fundi wa nini?"

"Wa mota."

"Na wewe una mota gani, mama?"

Jumapili iliyofuata Rebeka alishuka Igogo na uso wa mkaguzi. Alimkuta Revocatus sebuleni, amealikwa kula, amekaa kwenye ncha ya kiti. Wilhelmina alikuwa jikoni akisonga ugali, mlango wazi.

"Shikamoo, baba," alisema Rebeka, akakaa mbele yake.

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, nitakuuliza moja kwa moja, unisamehe. Una nia gani na mama?"

Jikoni, mwiko ulisimama ndani ya ugali. Wilhelmina alisikia kiti kikilia, maana fundi alikuwa amesogea mbele.

"Mimi si mtu wa maneno," alisema Revocatus hatimaye. "Nia yangu ni kumwoa. Ila bado sijamwambia. Nilikuwa natafuta siku ambayo hana samaki mkononi."

Rebeka alijaribu kuendelea kukunja uso, ikashindikana. Kicheko kilimtoka puani. Wilhelmina hakuingia upesi. Alisimama na mwiko wake, akajitazama kwenye mfuniko wa sufuria, akafuta unga shavuni, akarekebisha kitambaa kichwani. Kisha akaingia na ugali, akauweka mezani, akamimina maji ya kunawa kuanzia kwa fundi.

"Kuleni, unapoa," alisema. Na alipofika kwa Revocatus kwa mara ya pili, na kitaulo, akaongeza kwa sauti ya chini, "Leo sina samaki mkononi."

Walitangazwa kanisani mwezi uliofuata, na padri alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, mtu pekee aliyesimama alikuwa Teodora, aliyetaka kujua kama harusi itakuwa Jumamosi, maana Jumamosi watu wanafua.